Maji, mbolea na ubora wa malisho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya mfugaji anayekata majani au kuchungia kwenye shamba lake mwenyewe, na ambaye tayari anatumia mbolea ya viwandani, au ana maji ya kumwagilia, au anafikiria vyote viwili. Hayakupangwa kwa umuhimu. Mwenye haraka asome swali la tatu na lile la naitreti, mengine atayarudia akipata nafasi.

Majani yangu ni ya kijani na yamestawi. Si ndiyo ubora wenyewe huo?

Si lazima. Jicho huona wingi, lakini tumbo la mnyama lina vipimo vyake: protini ni kiasi gani, nyuzinyuzi ni ngumu kiasi gani na zinayeyushwa kwa kiwango gani, madini gani yamo na kwa uwiano upi, na kama kuna sumu. Vyote hivyo hupimwa kwa uzito mkavu, yaani kile kinachobaki maji yote yakishatoka, kwa sababu maji yaliyo ndani ya jani hayamnenepeshi mnyama.

Namba ya kushika hapa ni asilimia 7 ya protini ghafi. Malisho yakishuka chini ya hapo, vijidudu vya tumbo la kwanza vinakosa naitrojeni ya kufanyia kazi. Chakula kinakaa tumboni muda mrefu, na mnyama anakula kidogo hata kama hori limejaa. Tunasema "ghafi" kwa sababu maabara haipimi protini yenyewe. Inapima naitrojeni, mara nyingi kwa njia aliyoibuni Mdenmark Johan Kjeldahl mwaka 1883, kisha inazidisha kwa 6.25. Likumbuke jambo hilo tukifika kwenye sumu.

Nikiweka mbolea ya naitrojeni, protini ya majani inapanda kweli?

Inapanda, lakini si kwa mstari ulionyooka. Nyasi yenye njaa ikipata naitrojeni kidogo huitumia kwanza kukua. Inatoa majani mengi zaidi, na naitrojeni ile ile inagawanyika kwenye mzigo mkubwa, kwa hiyo asilimia ya protini inaweza kubaki pale pale au hata kushuka kidogo ingawa umevuna mara mbili. Ukiendelea kuongeza, mmea unafika mahali hauwezi kukua zaidi kwa kasi ile. Hapo ndipo naitrojeni inaanza kulundikana ndani ya jani na asilimia inapanda.

Hesabu yake ni fupi. Tani moja ya majani makavu yenye protini ghafi asilimia 10 ina kilo 16 za naitrojeni (10 gawanya kwa 6.25 ni asilimia 1.6). Mfuko wa kilo 50 wa yurea una naitrojeni kilo 23, na si yote itakayoingia kwenye mmea. Kwa hiyo anayeweka mfuko mmoja kwa mwaka kwenye shamba linalotoa tani nyingi, halafu akashangaa majani kupauka, anaidai mbolea kitu ambacho haikupewa.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba naitrojeni ikizidi, sehemu kubwa ya hiyo inayoitwa protini si protini. Ni amonia, naitreti (naitrojeni katika hali ambayo mizizi huifyonza) na chembechembe nyingine ndogo ndogo. Ndani ya tumbo la kwanza zinageuka amonia haraka kuliko vijidudu vinavyoweza kuitumia, hasa kama mnyama hana chakula cha kutosha cha nguvu. Ini linaigeuza kuwa yurea na inatoka kwenye mkojo. Mbolea uliyoinunua inaishia kwenye sakafu ya banda.

Basi kwa nini niliweka yurea, nikamwagilia, majani yakanipita urefu, na maziwa hayakuongezeka?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ni siku ya kukata.

Maji na naitrojeni hukimbiza saa ya mmea. Nyasi ambayo kwenye ukavu ingechukua wiki kumi kufika kimo fulani, ukiilisha na kuinywesha itafika hapo kwa wiki tano au sita. Lakini inafika na uzee wake: shina limerefuka, kuta za seli zake zimeingiwa na lignini, kile kinachoufanya mmea kuwa mgumu kama mti, na majani ya chini yameanza kukauka. Joto likiwa kali, lignini huongezeka haraka zaidi. Mfugaji aliyezoea kukata kila baada ya miezi mitatu, akaongeza maji na mbolea bila kubadili kalenda, amenunua mashina.

Chukua panga ukate bua la mabingobingo (nyasi za Napier) karibu na ardhi. La wiki sita linakatika kwa pigo moja na mkato wake unatoa maji. La wiki kumi na mbili panga linagonga kama kwenye mwanzi, na ukilipasua katikati unakuta moyo mkavu mweupe. Kisha nenda kwenye hori saa tatu baada ya kulisha. Ukikuta vipande vya urefu wa kidole vimesukumwa pembeni, vimelambwa lakini havijaliwa, huhitaji maabara kukuambia chochote.

Mabingobingo hukatwa yakiwa na kimo cha mita 1 hivi, yakizidi sana mita 1.2 umechelewa. Tumia kimo, usitumie tarehe. Mimi mwenyewe nilipoanza kumwagilia niliendelea kukata kwa tarehe kwa msimu mzima, na nikalaumu mbegu.

Kwa hiyo kumwagilia kunapunguza ubora?

Kumwagilia peke yake, bila kulisha udongo, mara nyingi hupunguza asilimia ya protini na madini. Mmea unatengeneza mwili mkubwa kutokana na virutubisho vile vile. Ni kama chai iliyoongezwa maji: kikombe kimejaa, rangi imepungua. Ukimwagilia na kulisha, kisha ukakata mapema, unapata vyote viwili, wingi na ubora. Na mbolea nayo bila maji haina kazi, kwa sababu mizizi hainywi chembe kavu ya mbolea. Naitrojeni husafiri ndani ya maji ya udongo, na fosforasi, ambayo husogea umbali mdogo sana, hukwama kabisa udongo ukikauka.

Maji yakizidi ni hasara nyingine. Udongo uliotuama unakosa hewa, mizizi inapumua kwa shida, na vijidudu vya udongo vinaigeuza naitreti kuwa gesi inayopotelea hewani. Kwenye udongo wa kichanga naitreti hiyo inazama chini ya mizizi. Shamba linakuwa la njano huku limelowa, na mwenye shamba anaongeza maji.

Nimwagilie kiasi gani?

Wakati wa joto shamba la malisho lililofunika ardhi hutumia takriban milimita 4 hadi 7 za maji kwa siku. Milimita 1 kwenye hekta 1 ni lita 10,000, kwa hiyo milimita 5 ni lita 50,000 kwa siku kwa hekta, au lita 20,000 kwa ekari. Wengi wakiiona hesabu hii hupunguza eneo la kumwagilia, na ni uamuzi mzuri. Robo ekari iliyonyweshwa vizuri inalisha kuliko ekari nzima iliyolambishwa.

Mwagilia kwa kushibisha, kisha acha siku kadhaa. Kunyunyiza kidogo kila jioni kunafundisha mizizi kukaa juu. Alfalfa, mmea wa malisho wa jamii ya mikunde, hasa inapenda maji mengi kwa nafasi, kwa kuwa mizizi yake inashuka mita kadhaa. Ikiwa utakausha majani, funga maji siku chache kabla ya kukata ili udongo ukauke juu, na ufungulie tena ukishaondoa mzigo.

Ukame nao huharibu ubora?

Hapa watu wengi hushangaa. Upungufu mdogo wa maji unaweza kuyafanya malisho kuwa bora zaidi kwa kila kilo. Mmea uliobanwa hurefusha shina taratibu, hivyo uwiano wa jani kwa shina unakuwa mzuri, uzee unachelewa, na sukari zinabaki kwenye jani kwa kuwa ukuaji umepungua kuliko utengenezaji wa chakula. Alfalfa iliyonyimwa maji kiasi mara nyingi ina majani mengi kwa uzito kuliko iliyoshibishwa. Tatizo ni kwamba unavuna kidogo.

Ukame mkali ni habari nyingine. Majani ya chini yanakufa na kudondoka, mmea unavuta naitrojeni kutoka kwenye majani makuukuu na kuihamisha kwingine, fosforasi inashuka, na kinachobaki ni mabua. Kwenye mtama na mahindi kinachobaki kinaweza pia kuwa na sumu, kama utakavyoona hapa chini.

Ng'ombe wanakula majani mabichi yaliyomwagiliwa siku nzima na bado wana njaa. Kwa nini?

Kwa sababu wanakunywa zaidi ya wanavyokula. Majani machanga yaliyolishwa na kunyweshwa yanaweza kuwa na uzito mkavu wa asilimia 15 tu. Ng'ombe wa kilo 400 anayehitaji kilo 12 za uzito mkavu atalazimika kula kilo 80 za majani hayo. Yakiwa na uzito mkavu wa asilimia 25, kilo 48 zinatosha. Kwa hiyo kata asubuhi ulishe mchana baada ya kuyaacha yanyauke kivulini, au changanya na kitu kikavu. Kinyesi nacho kitaacha kuwa uji.

Yurea, CAN (kalsiamu amonia naitreti) au SA (salfeti ya amonia): ipi nzuri kwa malisho?

Mmea haujali sana chapa ya mfuko, lakini hali ya shamba inajali. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, na ndiyo hupotea kirahisi: ukiimwaga juu ya udongo wenye unyevunyevu wakati wa jua kali na usiifunike, sehemu yake hugeuka amonia na kupaa. Pua yako itaisikia harufu. Milimita 10 hadi 15 za mvua au maji ya kumwagilia ndani ya siku moja au mbili zinatosha kuizamisha. CAN, yenye asilimia 26 au 27, haipotei hewani kwa kiasi hicho na ina kalsiamu. SA ina naitrojeni asilimia 21 pamoja na salfa asilimia 24, lakini huongeza uchachu wa udongo mwaka hadi mwaka kuliko nyingine mbili.

Ulichonacho, kigawe. Kilo 30 hadi 50 za naitrojeni kwa hekta baada ya kila mkato zinafaa kuliko kumwaga yote mwanzoni mwa mvua.

Nisubiri siku ngapi baada ya kuweka mbolea ndipo nikate au nichunge?

Wiki tatu hadi nne kwa kawaida, na mbolea iwe imeshazama. Siku za mwanzo mmea umevuta naitrojeni nyingi lakini haujaigeuza kuwa protini.

Kuna na sababu ya wazi zaidi: chembe zilizonasa kwenye majani, mfuko uliopasuka kwenye kona ya shamba, maji yaliyosafishia mashine. Ng'ombe huweza kulamba yurea iliyomwagika, na kiasi kidogo tu kikiingia ghafla kwenye tumbo lisiloizoea kinaua kabla hujamfikia daktari. Okota kila kilichomwagika.

Naitreti ni nini, na kwa nini kila mtu anaionya?

Mmea huvuta naitrojeni kutoka udongoni zaidi kama naitreti, kisha huigeuza kuwa protini kwa kutumia nguvu ya jua. Uvutaji ukiendelea na ugeuzaji ukisimama, naitreti hulundikana. Ugeuzaji husimama wakati wa ukame, wakati wa mawingu mazito ya siku nyingi, au majani yakiharibiwa na dawa ya magugu au mvua ya mawe. Shamba lililowekwa mbolea nyingi kisha mvua ikakata ndilo la kuogopa kuliko yote, na hatari haiishi siku mvua inaporudi. Siku chache za kwanza baada ya mvua ndizo mbaya, kwa sababu mizizi inafyonza kwa pupa kabla majani hayajapata nguvu. Ngoja wiki moja au zaidi.

Wanaolundika sana ni mtama, nyasi za Sudan, mahindi, shayiri na wenzake, pamoja na magugu kama mchicha pori. Mabua ya chini ndiyo yenye naitreti nyingi, majani yana kidogo, na nafaka karibu haina. Kwa hiyo kama huna budi kukata, kata juu, acha sentimita 30 za chini shambani, na kata alasiri ya siku ya jua.

Kwa wanyama wanaocheua, naitreti inageuzwa tumboni kuwa naitraiti, na kisha amonia. Naitraiti ikiwahi kuingia kwenye damu kabla ya kugeuzwa, inaharibu himoglobini isiweze kubeba hewa. Mnyama anahema haraka, anayumba, utando wa mdomo unageuka kijivu au buluu, na damu inakuwa na rangi ya chokoleti. Daktari wa mifugo anaweza kumwokoa kwa sindano ya methilini bluu akifika mapema. Malisho yenye naitreti chini ya asilimia 0.5 hivi ya uzito mkavu kwa kawaida hayana shida. Yakipita asilimia 1, usiyalishe peke yake, na mnyama mwenye mimba asiyaone kabisa.

Kukausha hakuondoi naitreti, hei (majani yaliyokaushwa) hubaki na sumu ile ile. Sileji, yaani majani yaliyofungiwa bila hewa yakachachuka, huipunguza ikichachuka vizuri, mara nyingi kwa karibu nusu. Na hapa ndipo kipimo cha protini ghafi kinaweza kumlaghai mtu: majani yaliyojaa naitrojeni isiyo protini yanaweza kurudi kutoka maabara na alama nzuri. Mtama ukiwa umepigwa na ukame, omba kipimo cha naitreti chenyewe.

Sumu ya machipukizi ya mtama ndiyo hiyo hiyo?

Hapana, ni sumu nyingine ingawa shamba linaweza kuwa lile lile. Mtama mchanga una kitu kinachotoa sianidi ukitafunwa. Machipukizi mafupi, mmea ulionyaushwa na ukame kisha ukachipua, na shamba lenye naitrojeni nyingi huku fosforasi ikiwa kidogo, yote huongeza. Usichunge mtama ulio chini ya sentimita 60. Tofauti na naitreti, sianidi hupungua sana majani yakikaushwa vizuri au yakifanywa sileji. Na damu ya mnyama aliyekufa kwa sianidi huwa nyekundu mno, si ya chokoleti. Ukikuta mzoga, tofauti hiyo inamsaidia daktari.

Alfalfa, desmodiamu na mikunde mingine, niiweke yurea?

Usiiweke. Vinundu vya mizizini vina bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani bure, na ukiumwagia mkunde naitrojeni unaviambia vipumzike. Chimbua mche mmoja, pasua kinundu kwa ukucha: kikiwa cha waridi ndani kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijivu hakifanyi. Mikunde inataka fosforasi, potasiamu, salfa, molibdenamu kidogo, na kwa alfalfa boroni, juu ya udongo usio mchachu. Alfalfa hupenda pH (kipimo cha uchachu) ya 6.5 hadi 7, na ikikatwa mwanzoni mwa kuchanua hutoa protini ya asilimia 18 hadi 22.

Kwenye shamba mchanganyiko jambo hili lina uzito zaidi. Jaribio la Park Grass huko Rothamsted, Uingereza, lilianza mwaka 1856 na bado linaendelea. Kwenye vipande vilivyopewa fosforasi na potasiamu bila naitrojeni, mikunde ilishamiri ndani ya majani. Vilivyopewa naitrojeni nyingi ya amonia vilibaki na nyasi chache tu, mikunde ikatoweka, na udongo ukawa mchachu pale ambapo chokaa haikuwekwa. Mbolea haikubadilisha tu kilichomo ndani ya jani, ilibadilisha ni majani ya nani. Mfugaji anayetupa yurea kwenye mchanganyiko wa nyasi na desmodiamu ananunua kwa fedha protini aliyokuwa akiipata bila malipo.

Potasiamu ina ubaya gani? Inasemwa inafanya mmea uwe imara.

Inafanya, na shamba linalokatwa na kubebwa huipoteza haraka, kwani tani moja ya nyasi kavu huondoka na kilo 20 au zaidi. Lakini nyasi haijui kusema basi. Ikipewa potasiamu nyingi inaivuta kupita mahitaji, na hiyo huzuia magnesi kuingia kwenye mmea na pia kufyonzwa tumboni. Ng'ombe wa maziwa kwenye majani machanga yaliyojaa potasiamu na naitrojeni anaweza kuanza kutetemeka misuli, kushtuka kwa sauti ndogo, kuanguka na kurusha miguu. Hatari hupanda pale uwiano wa potasiamu kwa jumla ya kalsiamu na magnesi, ukihesabiwa kwa miliekwivalenti (kipimo cha kemikali cha maabara), unapozidi 2.2, au magnesi ikiwa chini ya asilimia 0.2 ya uzito mkavu.

Ng'ombe wanaokaribia kuzaa usiwape majani ya kipande kinachopokea mkojo na samadi yote ya banda. Potasiamu nyingi kabla ya kuzaa huchangia homa ya maziwa baada ya kuzaa.

Na fosforasi?

Ukiwaona ng'ombe wanatafuna mifupa, mbao au mawe, anza kuishuku. Daktari wa mifugo Arnold Theiler na wenzake huko Afrika Kusini, mwanzoni mwa karne ya 20, walionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwalaza ng'ombe malishoni ulitokana na sumu ya botulizimu waliyoila kwenye mizoga na mifupa, na kwamba waliitafuta mifupa kwa sababu majani yao yalikosa fosforasi. Mzizi wa ugonjwa ulikuwa kwenye udongo.

Mbolea ya fosforasi huongeza fosforasi ya jani, husaidia mizizi na vinundu, lakini haipandishi protini ya nyasi moja kwa moja. Iweke wakati wa kupanda, ichanganyike na udongo penye mizizi. Ukiwa na haraka ya kumwokoa mnyama, mpe madini kwa mdomo, shamba litafuata.

Madini madogo yanahitaji mbolea?

Mengine mmea wenyewe hauyahitaji, na hapo ndipo macho hudanganyika. Nyasi inaweza kuwa ya kijani kibichi bila kobalti, seleniamu au ayodini ya kutosha, huku kondoo anayeila anakonda. Kobalti hutumiwa na vijidudu vya tumboni kutengeneza vitamini B12. Ufini ilichukua njia ya mbolea: tangu katikati ya miaka ya 1980 seleniamu huongezwa kwenye mbolea mchanganyiko kwa sababu udongo wao hauitoi ya kutosha, na kiwango chake kwenye malisho, maziwa na nyama kilipanda.

Chokaa nayo ina pande mbili. Inatibu uchachu, inaifungulia mimea molibdenamu, na wakati huo huo inapunguza manganisi, zinki na kobalti zinazopatikana. Molibdenamu ikizidi, pamoja na salfa, hufunga shaba tumboni. Ng'ombe mweusi anageuka rangi ya kutu kuzunguka macho. Weka chokaa kwa kipimo cha udongo, si kwa kukisia.

Salfa: nyasi inayopewa naitrojeni nyingi bila salfa hushindwa kukamilisha protini. Naitrojeni ikizidi salfa kwa zaidi ya mara 15 kwenye jani, ongeza salfa.

Samadi haitoshi?

Inatosha pale inaporudi yote kwenye shamba lililotoa majani. Kwa kawaida hairudi: majani yanatoka bondeni, samadi inaishia bustanini karibu na banda, na baada ya miaka michache bonde limechoka. Mbolea ya viwandani hujaza pengo hilo.

Maji yangu yana chumvi. Nitumie?

Inategemea mmea. Alfalfa huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikipita desisimensi 2 hivi kwa mita (kipimo cha chumvi kinachosomwa kwa umeme), wakati nyasi ya bermuda huvumilia hadi karibu 7. Nyasi ya Rhodes nayo ni mvumilivu. Majani yaliyokulia kwenye chumvi huwa na sodiamu na majivu zaidi, na mnyama atakunywa maji mengi.

Majani yamekuwa ya njano. Ni maji au mbolea?

Angalia njano imeanzia wapi. Majani ya chini, kuanzia ncha na kushuka katikati ya jani: naitrojeni. Majani machanga ya juu kwanza: salfa. Kingo za majani ya chini zimeungua: potasiamu. Zambarau kwenye miche: fosforasi, au baridi. Majani yamejikunja mchana na yana rangi ya kijivu-buluu: maji. Njano huku udongo umelowa na unanuka: hewa.

Mbolea inaathiri sileji?

Ndiyo. Naitrojeni nyingi hupunguza sukari ya jani, na sukari ndiyo chakula cha bakteria wa uchachishaji. Majani yaliyolishwa sana na yenye maji mengi hutoa sileji inayonuka siagi iliyooza. Yanyaushe mpaka uzito mkavu ufike asilimia 30 hivi, kata alasiri sukari ikiwa juu, na ongeza molasi.

Nitajuaje kwamba mbolea na maji vinanilipa bila kutuma sampuli kila mwezi?

Anza na majaribio ambayo ng'ombe wameshakufanyia. Tembea shambani wiki tatu baada ya kuchunga. Ukiona viduara vya kijani kilichokoza, virefu kuliko vilivyovizunguka, hapo ndipo walipokojolea, na shamba lote lingependa naitrojeni. Kama viduara havionekani, naitrojeni si kinachokosekana.

Kisha tenga vipande vinne vya mita 5 kwa 5: kimoja bila kitu, kimoja maji tu, kimoja mbolea tu, kimoja vyote. Vikate vyote vikifika kimo kile kile, si siku ile ile, na uandike kila kimoja kimechukua siku ngapi. Pima uzito mbichi, kausha kilo moja ya kila kipande kwa jua la siku kadhaa mpaka isipungue tena, upime upya. Tenganisha majani na mashina, uyapime kila kimoja peke yake. Ukishapata namba za vipande vyote vinne, chagua kipande kilichokushangaza ndicho utume maabara, na sampuli iwe ya konzi kumi au zaidi kutoka sehemu mbalimbali za kipande, isiwe shada moja zuri kutoka ukingoni mwa mfereji.